Maswali na majibu: Je, mwishowe wote wataokolewa?

Mwezi uliopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba wako Wakristo wanaoamini jehanamu siku moja itabaki tupu. Simu yangu haijatulia tangu hapo. Nimechagua maswali matano.

Mwalimu, nimemsikia mhubiri akisema hata waliokufa bila kutubu wataokolewa. Huu si uzushi wa siku za mwisho? (Msomaji, Mbeya)

Kama ni uzushi, basi si wa juzi. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa la kale aliyefariki katikati ya karne ya 3, alifundisha kwamba adhabu ya Mungu ni dawa, na mgonjwa akipona dawa huachwa. Aliegemea Matendo 3:21, panapotajwa "zamani za kufanywa upya vitu vyote". Karne moja baadaye askofu Gregori wa Nisa aliandika hivyohivyo. Kisha, katika karne ya 7, akaja Isaka wa Ninawi, mzaliwa wa pande za Qatar, aliyeona kwamba kinachowachoma walioko jehanamu ni upendo walioukosea.

Mwaka 553 Mtaguso wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulimtaja Origen miongoni mwa wazushi. Gregori mpaka leo ni mtakatifu. Wanaomtetea Gregori husema Origen aliponzwa zaidi na fundisho lake kwamba roho zilikuwepo kabla ya miili. Huenda. Ila uangalie jambo moja: hakuna kati yao aliyesema jehanamu haipo. Moto upo na unaunguza. Walichobishania ni kama una mwisho.

Mathayo 25:46 inasema "adhabu ya milele". Milele si milele? (Msomaji, Kisumu)

Hapa ndipo penye kazi. Fungua Yona 2:6. Yona anasema nchi na mapingo yake yalimfunga "hata milele", na sote tunajua alikaa siku tatu. Au soma Warumi 16:25, siri iliyositirika "tangu zamani za milele", halafu mstari unaofuata siri hiyo imefunuliwa. Kwa Kigiriki neno la Warumi ni lilelile la Mathayo, aionios, linalotokana na aion, yaani enzi au zama. Kwa hiyo wanaotumaini wokovu wa wote husoma "adhabu ya enzi ijayo", bila kutaja urefu wake.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimalizi kesi. Askofu Augustino aliijibu zamani: mstari uleule unawaahidi wenye haki uzima wa milele. Ukiikata milele ya kwanza kwa mkasi, ya pili itabakije nzima? Jibu la upande wa pili ni kwamba uzima wetu haudumu kwa sababu ya neno hilo, unadumu kwa sababu Kristo hafi tena. Nimelitafakari jibu hilo miaka mingi. Siku nyingine linanitosha, siku nyingine halinitoshi.

Kuna mchungaji wa Kipentekoste Marekani aliyepoteza kanisa kwa fundisho hili. Ilikuwaje? (Msomaji, Bukavu)

Ni Carlton Pearson wa Tulsa, Oklahoma, aliyekuwa na waumini maelfu. Mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja katika miaka ya 1990 alikuwa na sahani ya chakula na mtoto wake mchanga, akitazama habari za wakimbizi wa Rwanda kwenye televisheni, akajiuliza Mungu gani huwatoa watu katika mateso yale akawatie katika mengine yasiyoisha. Alipoanza kuhubiri alichokipata, waumini wakamwagika nje, na mwaka 2004 baraza la maaskofu wenzake Wapentekoste Weusi likamtangaza mzushi. Alifariki mwaka 2023.

Kwa sisi wa maziwa makuu kuna jambo la kuuma kidogo: Wanyarwanda wengi aliowaona pale walikuwa wamebatizwa tayari, na vivyo hivyo wengi wa waliowafukuza makwao.

Shikamoo mwalimu. Kaka yangu alikuwa mlevi, akafa ghafla. Kaburini mhubiri akatuambia mbele ya mama yetu kwamba yuko motoni. Nifanye nini? (Msomaji, Moshi)

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mhubiri huyo alisema asilolijua. Kanisa Katoliki limetangaza watakatifu wengi, lakini halijawahi kutangaza kwamba fulani, kwa jina lake, yuko jehanamu. Walutheri nao, katika Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 17, wanakataa kabisa wazo kwamba adhabu itakoma, lakini orodha ya watakaoadhibiwa hawakuiandika.

Ukipita jumuiyani jioni utawasikia akina mama, baada ya kila kumi la rozari, wakimsihi Yesu aongoze roho zote mbinguni, hasa zile zinazohitaji zaidi huruma yake. Wamesema zote. Mpeleke mama yako akakae nao.

Kama wote wataingia, kwa nini nijinyime starehe? (Msomaji, Dar es Salaam)

Benjamin Rush, daktari aliyetia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776, aliamini wote wataokolewa. Imani hiyo haikumpeleka baa. Alipigana na adhabu ya kifo, na utumwa, na pombe kali. Wewe starehe zako unazifahamu mwenyewe.

Msomaji huyohuyo ameongeza chini: *na shetani je?* Origen alilalamika kwamba wanamsingizia, hakusema shetani ataokolewa. Gregori ndiye aliyeandika waziwazi kwamba hata mwanzilishi wa uovu ataponywa. Mimi kwenye sala zangu za usiku nimefika kwa jirani aliyenihamishia mpaka wa shamba, na hapo tu pamenichukua miaka minne.