Mama, binti yako haigizi

Mama, pole sana. Umeuliza kama binti yako wa miaka 15 amerogwa, kwa sababu sokoni Kadutu moyo ulimwenda mbio, akatetemeka, akakosa pumzi, akalia kwamba anakufa. Sasa hataki tena masomo. Kwa ulivyoeleza, sioni uchawi hapo, wala haigizi. Mwili unapiga kengele ya hatari pasipo hatari. Shambulio la hofu la namna hiyo hufika kileleni kwa takriban dakika 10, kisha hushuka lenyewe. Mashambulio yakijirudia bila kutarajiwa, na mtoto akakaa mwezi mzima akiogopa lijalo, ndipo madaktari huuita ugonjwa wa hofu.

Kwanza apimwe moyo, damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu nao hukimbiza moyo. Vipimo vikiwa salama, mpeleke SOSAME, kituo cha afya ya akili, hapa hapa Bukavu. Tiba ya mazungumzo husaidia vijana wengi.

Shambulio likimshika, keti naye, sema polepole, atoe pumzi taratibu kuliko anavyoivuta. Usimkemee, tafadhali! Kuombewa, sawa, lakini asinyimwe chakula wala kufungiwa chumbani. Shuleni arudi kidogo kidogo, hata saa moja, wewe ukimsindikiza mpaka mlangoni.