Nzi wadogo wa kando ya mto: si embwa, si wa ndizi

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nasoma mwaka wa pili hapa Jinja, na likizo hii nimekamata nzi wadogo weusi weusi kwenye matope kando ya Nile, kama sitini hivi, nikawatia kwa chupa ya waragi, ile pombe kali yetu, maana spiriti sikuwa nayo. Jajja, yaani bibi yangu, kuwaona akashtuka, akasema hao ndio embwa waliokuwa wanapofusha watu zamani. Mwalimu wetu naye anasema ni nzi wa ndizi tu. Alafu kuna mmoja ana mikono ya mbele minene kama vunjajungu! Nitajuaje ni nini? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Mdogo wangu, kwanza mwambie jajja ana haki ya kuogopa. Embwa ni usubi, na pale Jinja walikuwa balaa kweli, walikuwa wanazaliana kwa maji yanayokwenda kasi na wanauma, wanaeneza minyoo inayoleta upofu, mpaka mto ukatiwa dawa ya DDT miaka ya hamsini na kuendelea, na kufika 1973 wakawa wameisha sehemu hiyo. Lakini usubi utamjua kwa mgongo, ana nundu kama ng'ombe wa kienyeji, mabawa mapana, na vipapasio vyake vifupi vinene vya pingili nyingi, havina unywele mrefu juu yake. Wako nimewaona kwa picha uliyotuma, mgongo wao umenyooka. Na wewe mwenyewe umekaa nao kwa matope saa nzima hakuna aliyekuuma.

Nzi wa ndizi sasa ndio wanachanganya watu, hata mimi walinisumbua sana nilipoanza. Ukubwa ni karibu ule ule, milimita mbili tatu, na hata ukingo wa mbele wa bawa wote wanao umekatika mahali pawili, kwa hiyo hapo hutapata jibu. Angalia uso. Chukua kioo cha kukuzia mara kumi au ishirini, mlaze ubavu umtazame: hawa wa kwenye matope wengi uso umetokeza mbele kama mtu amejaza hewa mashavuni, na mdomo chini ni mpana. Alafu tazama ule unywele mrefu wa kwenye kipapasio. Wa ndizi una matawi juu na chini, kama unyoya. Wa kwako, kama una matawi, yako upande wa juu peke yake, kama kitana. Ukiona uso wa kuvimba na kitana pamoja, hapo tulia, hao ni familia ya Ephydridae, nzi wa ufukweni, duniani wameshaandikwa aina kama elfu mbili na hawamdhuru mtu, wengi wanakula mwani na vijidudu vya juu ya tope. Rangi usiitegemee hata kidogo, maana weusi wako wengi sana.

Huyo wa mikono ndiye amenifurahisha. Mapaja ya mbele yamevimba hivyo, anaitwa Ochthera, na huyo yeye hali mwani, ni mwindaji, anasimama kando ya maji anachomoa viluwiluwi vya mbu kwa ile mikono anavifyonza. Magharibi ya Kenya, si mbali na sisi, watafiti walimkuta Ochthera chalybescens anakula viluwiluwi vya Anopheles gambiae, mbu yule yule wa malaria! Nzi ambaye watu wanamkanyaga tu wakienda kuchota maji. Wako usiseme ni chalybescens bado, jina la pili halitoki kwa picha, mara nyingi inabidi kutazama sehemu za uzazi za dume chini ya hadubini. Andika Ochthera, inatosha, ni jibu zuri na la kweli.

Waragi sasa. Nguvu yake ni kama asilimia arobaini, hiyo itawalainisha waanze kuoza, wahamishe leo leo kwa spiriti ya asilimia sabini au themanini, uliza famasi. Usiwaanike juani, nzi wadogo hivi wakitoka kwa spiriti wakakauka uso unabonyea, na uso ndio wenyewe tunautafuta. Na kila chupa tia karatasi ndani, mahali, tarehe, aliyekamata, na walikuwa juu ya nini, tope au mchanga au majani, uandike kwa penseli maana wino wa kalamu unayeyuka. Bila karatasi hiyo hao sitini hata idara ya zuolojia Makerere hawatajua wafanye nao nini.

Ukishawahamisha nipigie picha nyingine ya huyo wa mikono, safari hii kutoka mbele, uso wote uonekane.