Sekta "itakua" ama "itakuwa"?

SWALI: Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Juzi nilipewa taarifa ya hidrojeni safi niifasiri, nikaandika: "Sekta hii itakuwa kwa kasi duniani." Mkubwa wangu akaikata ile w kwa kalamu nyekundu. Nikitamka sisikii tofauti. Nani ana haki? Na je, niseme hidrojeni safi ama ya kijani? – Msomaji wa kike, Likoni

JIBU: Mkubwa wako ana haki, dada, ila usione haya. Kosa hili nimeliona hata kwenye mabango: "ukuwaji wa uchumi", kwa herufi kubwa kabisa. Sikio halitakusaidia hapa, maana ulimi ukitoka kwenye u kwenda a hupita kwenye w utake usitake.

Basi kanusha. Kitenzi kua, cha mtoto na mnazi, kinabaki na ku yake: haikui, haikukua. Kitenzi wa, yaani "kuwa", kinaiacha kikikanushwa wakati uliopo: haiwi. (Ile ku ya "haikuwa" ni ya kukanusha wakati uliopita, isikuchanganye.) Ukitaka kusema sekta "haikui", basi ukiyakinisha ni "inakua", bila w. Tena "itakuwa" humwacha msomaji akingoja: itakuwa nini? Ungeandika "itakuwa kubwa", kalamu nyekundu isingepata kazi. Ni kama shangazi anayemwona mtoto baada ya miaka miwili: akisema "Mashallah, amekua!" amemaliza; akisema "amekuwa", twangoja aongeze "mkubwa".

Herufi hiyo moja yaweza kugeuza habari nzima. "Changamwe ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta" ni kweli. Kazi hiyo ilikoma 2013. "Changamwe ilikua" ni habari ya mtaa kupanuka. Na viwanda vya aina hiyo ni miongoni mwa watumiaji wakubwa wa hidrojeni, kwa kuondoa salfa kwenye mafuta.

Kuhusu taarifa yako yenyewe, vitenzi vyote viwili vyakaa pamoja vizuri: "Sekta imekuwa ikikua, lakini polepole." Na hivyo ndivyo mambo yalivyo. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97 za hidrojeni, na ile ya uchafuzi mdogo haikufika hata tani milioni 1. Miradi mingi imetangazwa, mingine ikaahirishwa kwa sababu ya gharama. Kwa hiyo hata baada ya kuitoa w, hayo maneno "kwa kasi" ningeyaangalia mara mbili. Ya kutarajiwa andika "inatarajiwa kukua", usiyafanye kama yamekwisha kutokea.

Sasa safi na kijani. Hidrojeni ya kijani hupatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme wa jua, upepo, maji au jotoardhi. Safi ni neno pana zaidi: wengi huingiza humo hata ile inayotokana na gesi asilia, hewa ya ukaa ikinaswa isitoke, ambayo huitwa ya bluu. Taarifa ikisema safi, ukaandika ya kijani, umeipunguza bila ruhusa ya mwenyewe. Lakini ukifasiri mkakati ambao Kenya iliuzindua Septemba 2023, ule uliotanguliza kutengeneza mbolea kwa hidrojeni, hapo ni ya kijani, kwa kuwa ndilo jina lake. Kwa sasa mbolea mnaipokea melini hapo Kilindini.

Gesi yenyewe haina rangi, kwa hivyo usije ukaandika "hidrojeni yenye rangi ya kijani". Hiyo nimeisoma mahali, nikacheka peke yangu. Hidrojeni ama haidrojeni, zote zasikika. Chagua moja, usichanganye katika ukurasa mmoja.