Wabunge wetu wakisafiri, hurudi na nini?

Tangu picha za ujumbe wa Bunge letu ukiwa ng'ambo zilipoanza kuzunguka katika simu za watu hapa Mombasa, barua zimetujia kwa wingi, nyingine za hasira na nyingine za kutaka kujua tu. Tumechagua nne.

*Mhariri, assalaam alaykum. Kijana wangu alinionyesha picha ya waheshimiwa wamevaa vitambulisho shingoni, nyuma yao bendera nyingi, akaniambia wako kwenye mkutano wa IPU. Mimi ni fundi cherehani, kila siku nalipa ushuru wa kibanda changu. Nauliza: mkutano huo ni wa nini, nani anaugharimia, na wanayoyapitisha huko yananifunga mimi huku?* – Mzee fundi, Majengo

Waalaykum salaam, mzee wangu. IPU ndio Umoja wa Mabunge Duniani, na umri wake ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ulianzishwa mjini Paris mwaka 1889 na wabunge wawili, William Randal Cremer wa Uingereza na Frédéric Passy wa Ufaransa, waliokuwa na wazo moja tu: kwamba mataifa yakigombana yapelekane mbele ya wasuluhishi kabla ya kupelekana vitani. Passy alipewa sehemu ya Tuzo ya Amani ya Nobel ya kwanza kabisa, mwaka 1901, naye Cremer akapewa yake mwaka 1903. Leo makao makuu yako Geneva, wanachama ni zaidi ya mabunge 180, na mkutano mkuu hufanyika mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa Mei mwaka 2006 mkutano huo ulifanyika hapa kwetu Kenya, jijini Nairobi.

Mwanachama wa umoja huu ni Bunge lenyewe, wala si mbunge mmoja mmoja. Nchi kama yetu, ambayo haijafikia watu milioni 100, hupeleka wajumbe wasiozidi 8, nao kwetu hutoka katika mabaraza yote mawili, Bunge la Taifa na Seneti. Kwa kawaida Spika ndiye huongoza. Kila nchi huwa na kura zisizopungua 10, kisha huongezewa kulingana na wingi wa watu wake. Ada ya uanachama na gharama za safari hutoka katika bajeti ya Bunge, kwa maana hiyo hutoka kwako na kwangu, na ndiyo sababu swali lako ni la haki kabisa.

Wakifika huko hawakai tu kusikiliza hotuba. Kazi yenyewe hufanyika katika kamati za kudumu, ambako rasimu ya azimio hupitiwa ibara kwa ibara, na wajumbe hubishana juu ya neno moja saa nzima: tuseme nchi "zinapaswa" au "zinahimizwa"? Mjumbe aliyesoma rasimu kabla ya kuondoka nyumbani huweza kuliondoa neno linaloidhuru nchi yake au kuliingiza linaloifaa, na yule ambaye hakuisoma atainua mkono pamoja na wenzake. Pia nchi yoyote yaweza kuleta jambo la dharura, lakini halitajadiliwa lisipoungwa mkono na theluthi mbili za kura.

Ama kufungwa, hapana, mzee wangu. Azimio la IPU si sheria, na hakuna askari atakayekuja Majengo kukukamata kwa sababu yake. Hata hivyo katiba ya umoja huo inalitaka kila Bunge mwanachama lilete maazimio hayo nyumbani, liifahamishe serikali yake na lihimize yatekelezwe. Kwa maoni yangu hapo ndipo thamani ya safari nzima ilipo. Azimio zuri juu ya maji au amani likibaki katika begi la mjumbe, ni sawa na kitambaa ulichokipima na kukikata kisha ukakiacha bila kukishona.

*Mhariri, mimi ni dereva wa trela kutoka bandarini. Pale mizani ya Mariakani tukizidisha uzito tunaambiwa tumevunja sheria ya Afrika Mashariki. Sasa wewe umeandika toleo lililopita kwamba mikutano ya wabunge wa nje haitungi sheria. Nani mkweli?* – Dereva, Changamwe

Wote ni wakweli, ndugu yangu, ila tunazungumzia vyombo viwili tofauti, na nakiri kwamba toleo lililopita sikuvitenganisha inavyostahili.

IPU ni chama cha mabunge. Bunge la Afrika Mashariki, lile la Arusha linaloitwa EALA, ni bunge hasa: lilizinduliwa mwaka 2001 chini ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na lina uwezo wa kutunga sheria. Hiyo unayoambiwa Mariakani, Sheria ya Kudhibiti Uzito wa Magari, ilitungwa nalo mwaka 2013, na ndiyo iliyoweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake kwa jumla. Muswada ukishapitishwa Arusha hupelekwa kwa wakuu wa nchi wanachama, nao wakishautia saini huwa sheria ya Jumuiya, na Mkataba unasema kwamba sheria ya Jumuiya hutangulia ile ya nchi katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba huo. Kwa hiyo trela lako likipanda mizani, ujue kwamba uzito ule ulijadiliwa na watu tisa wa Kenya wakiwa pamoja na wenzao wa nchi jirani.

Watu hao tisa si wale uliowapigia kura. Ibara ya 50 ya Mkataba inaagiza kwamba Bunge la kila nchi lichague wajumbe 9 ambao si wabunge wake, na kwamba kwa kadiri iwezekanavyo wawakilishe vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Agizo hilo si la mapambo. Mwaka 2006 baadhi ya Wakenya, akiwemo Profesa Peter Anyang' Nyong'o, waliwashitaki waliosimamia uteuzi wa wajumbe wa Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, wakidai kwamba hapakufanyika uchaguzi wowote bali majina yaliletwa na vyama yakapokewa tu. Na mwezi wa Machi mwaka 2007 Mahakama ikaamua kwamba utaratibu uliotumika ulikwenda kinyume na Mkataba. Mimi huwaeleza wasomaji kisa hicho kila nipatapo nafasi, kwa sababu chaonyesha kwamba uwakilishi wa nje nao una kanuni na waweza kuhojiwa.

Ukiwa na malalamiko juu ya tani au ekseli, basi, usimngoje mbunge wa eneo lako arudi kutoka Geneva. Chama chenu cha madereva kiwaandikie wajumbe wa Kenya walioko EALA.

Kuna pia Bunge la Afrika, lenye makao Midrand, Afrika Kusini, ambalo limesimama katikati ya hivyo viwili. Lilizinduliwa mwezi wa Machi mwaka 2004, na rais wake wa kwanza alikuwa Mama Gertrude Mongella wa Tanzania. Kila nchi hupeleka wabunge wake 5, angalau mmoja awe mwanamke. Kazi yake ni kushauri. Itifaki ya Malabo ya mwaka 2014 inakusudia kulipa uwezo wa kutunga sheria za mfano, yaani za kuigwa na nchi, lakini ni lazima kwanza iridhiwe na nchi 28.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Nilimwona Dkt. Tulia Ackson kwenye taarifa ya habari akiendesha mkutano wa mabunge ya dunia. Je, ni bahati yake tu au kuna nafasi zilizotengewa wanawake?* – Msichana, Likoni

Marahaba, mwanangu. Dkt. Tulia alichaguliwa kuwa Rais wa IPU mjini Luanda mwezi wa Oktoba mwaka 2023, wakati huo akiwa Spika wa Bunge la Tanzania, na ndiye mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushika kiti hicho. Alichaguliwa kwa kura, akishindana na wengine, kwa hiyo tusiite bahati.

Njia nayo ilitengenezwa. Katika IPU, ujumbe ukija mara tatu mfululizo ukiwa wa jinsia moja tu, hupunguziwa kura na hata idadi ya wajumbe. Nafikiri ni kanuni yenye busara kubwa, kwa sababu haikuishia kuwaomba wanaume wa mabunge wawe waungwana. Iliwagusa pale wanapojali, kwenye hesabu ya kura. Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola, ambacho kilianzishwa mwaka 1911 na Kenya ni mwanachama wake, nacho kina jumuiya ya wabunge wanawake tangu mwaka 1989.

Wewe uko kidato cha nne. Soma lugha zako vizuri, maana lugha rasmi za IPU ni Kiingereza na Kifaransa, na mjumbe anayeelewa zote mbili huwahi kujua kinachozungumzwa kwenye korido kabla hakijafika ukumbini.

*Mhariri, kaunti yetu ina maeneo bunge sita, mwakilishi wa wanawake na seneta. Katika hao wanane, nitajuaje nani alisafiri, alisema nini na alileta nini? Nimeuliza ofisi moja ya hapa mjini nikaambiwa hayo ni mambo ya Nairobi.* – Mwalimu, Kisauni

Mwalimu, jibu ulilopewa lilinisikitisha, kwa sababu hata kama ripoti imekaa Nairobi, haki ya kuiona iko nawe hapo Kisauni.

Ujumbe ukirudi huandika ripoti, na ripoti hizo huwasilishwa mezani, yaani hukabidhiwa rasmi mbele ya kikao. Siku hiyo Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za vikao vya Bunge, huandika kichwa cha ripoti na jina la aliyeiwasilisha. Anza na Hansadi, ambayo huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Ukiipata ripoti, pita haraka sehemu ya makaribisho na shukrani, uende moja kwa moja kwenye mapendekezo ya ujumbe. Hapo utaona kama wameandika "Bunge lifanye kadha kabla ya tarehe fulani, na kamati fulani ifuatilie", au wameandika tu kwamba mkutano ulikuwa wa manufaa. Tofauti ya sentensi hizo mbili itakueleza karibu yote unayotaka kujua.

Usipoipata, andika barua kwa Karani wa Bunge la Taifa, au wa Seneti ikiwa ni safari ya seneta. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema hivyo. Huhitaji kueleza kwa nini unataka. Kuomba hakulipiwi, ila waweza kutozwa gharama ya kunakili kurasa. Unapaswa kujibiwa ndani ya siku 21, na ukikataliwa unaweza kuipelekea Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ofisi ya Ombudsman, iuangalie upya uamuzi huo.

Taja mkutano, mji na mwezi uliofanyika, uombe vitu vitatu: orodha ya wajumbe, ripoti iliyowasilishwa mezani, na jumla ya gharama. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na uhesabu siku zako kuanzia tarehe ya muhuri huo. Jibu likija tuletee, tutalichapisha katika ukurasa huu.