Maswali ya Wasomaji: Katika Tashtiti ya Jiji, Nani Achekwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watatu wa Mabatini, Mwanza. Tunatengeneza filamu fupi za makala zenye tashtiti, yaani kejeli ya kuchekesha yenye kukosoa, kuhusu maisha ya jiji na kuziweka mtandaoni, bila kampuni wala mfadhili. Katika filamu ya karibuni tulimpiga picha mama mmoja akipanda mlima na ndoo ya maji kichwani, tukaweka juu yake sauti ya mtangazaji wa riadha. Watazamaji walicheka sana, lakini majirani wametununia, na mama mwenyewe haitikii salamu zetu. Nia yetu ilikuwa kusema juu ya shida ya maji. Je, tashtiti inaweza kufanywa bila kumuudhi mtu? Na je, tunahitaji kibali?

JIBU: Vijana wetu, tashtiti isiyomuudhi yeyote haijafanya kazi yake. Swali la kujiuliza kabla ya kurusha filamu ni nani atakayeudhika, na kama anao uwezo wa kubadilisha kile mnacholalamikia. Wachora vibonzo wetu, akina Gado na Masoud Kipanya, wamejijengea heshima kwa miaka mingi kwa kuwaelekezea kalamu wenye madaraka, wakati mwananchi wa kawaida katika michoro ya namna hiyo ndiye anayeona na kushangaa. Ninyi mlimfanya mama mwenye ndoo kuwa kichekesho, na shida ya maji mliyoikusudia ikapotea katika kicheko hicho.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, nami nasikitika kwamba mliifunika kwa sauti ile. Mngeweka kamera juu ya mawe, mkamwacha mama apande bila kukatiza picha hata mara moja: anasimama, anaitua ndoo juu ya jiwe, anaiweka sawa kata kichwani, maji yanamwagikia begani, na nyuma yake Ziwa Viktoria lote linang'aa. Juu ya picha hiyo msimulizi asome, kwa sauti ya upole na ya kiofisi, ahadi ya maji iliyotolewa katika mkutano wa hadhara, neno kwa neno, pamoja na tarehe yake. Hapo mtazamaji atacheka, lakini atamcheka aliyeahidi, na mama atabaki na heshima yake yote. Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji na kuingiza taka zetu ziwani, unaweza kupigwa picha kwa namna hiyo hiyo, msimulizi akiusifu kama kivutio cha utalii huku kamera ikifuata mifuko na chupa hadi mdomoni mwa mto.

Namna hii ya kusimulia inadai ukweli kuliko filamu ya kawaida. Mkichukua maneno ya kiongozi yaliyosemwa mahali pengine mkayabandika kwenye picha nyingine, au mkaikata hotuba mpaka ikageuka maana, hamtakuwa na tashtiti tena. Mtakuwa mmetunga uongo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Tieni chumvi katika sauti na katika mpangilio wa picha, lakini kinachoonekana kiwe kimetokea kweli.

Msiwashangae pia majirani zenu, kwa sababu Mwanza inaijua kamera. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya makala iliyopigwa hapa kuhusu biashara ya sangara, ikaonyesha mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki hao inayobaki minofu ikishaondolewa, yakiandaliwa kuwa chakula, ikazunguka dunia nzima, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailalamikia hadharani. Kwa hiyo, mkienda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba mkaulizwa picha zinapelekwa wapi, jibuni kwa utulivu na kwa ukweli. Na kwa mama huyo, iondoeni filamu mtandaoni kwanza, kisha mwende nyumbani kwake mkiwa na mtu mzima anayemheshimu, mkamwombe radhi. Msimwombe chochote siku hiyo. Akitaka baadaye kuzungumza mwenyewe mbele ya kamera kuhusu maji, atakuwa msimulizi bora kuliko yeyote kati yenu.

Kuhusu kibali, ndiyo, mnakihitaji. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu, hata kama ni fupi, na ofisi ya utamaduni ya halmashauri yenu inaweza kuwaelekeza namna ya kukiomba Bodi ya Filamu. Kwa upande wa mtandaoni zipo Kanuni za Maudhui za mwaka 2020, zilizorekebishwa mwaka 2022 na kusimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Waulizeni wao kama kazi zenu zinahitaji leseni. Mkitaka kurusha droni juu ya vilima, hilo ni ombi jingine, linalopelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.