Nani ataiona kwanza?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: nyota ya jirani ikilipuka, sisi wa duniani tutaona nini? Wengi watataja Betelgeuse, ile nyekundu begani mwa kundinyota la Jabari (Orion), ambayo Waswahili huiita pia Ibuti la Jauza. Na watatia chumvi: jua la pili, usiku hakuna tena. Maneno hayohayo yalizagaa mwanzoni mwa 2020, nyota hiyo ilipofifia hadi karibu theluthi ya mwangaza wake. Kumbe ilikuwa imejifunika vumbi lake yenyewe.

Tutaona nukta. Iko mbali miaka ya nuru 500 hadi 700, kwa hiyo haitatudhuru wala haitaonekana kama duara. Nukta hiyo itakuwa na mwanga unaokaribia ule wa mwezi wa nusu duara, na kivuli chake kitakuwa na kingo kali kuliko cha mbalamwezi. Mwanga wake utapanda kwa wiki moja au mbili, utulie karibu miezi mitatu, kisha ushuke. Mchana itaonekana kwa miezi. Isipokuwa ikiangukia Juni: hapo jua liko nyuzi 16 tu kutoka kwake, na kuitafuta kwa darubini ni kujitia upofu. Jifiche nyuma ya ukuta unaoliziba jua lote, utazame kwa macho matupu.

Linaloniwasha ni lingine: nani ataijua kwanza? Mitambo, nakusudia kusema. Kiini cha nyota kikiporomoka, nyutrino, yaani chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, hutoka papo hapo, ilhali mwanga husubiri wimbi la mlipuko lifike usoni pa nyota. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 23 Februari 1987, ulipotufikia mlipuko wa nyota iliyokuwa katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Saa 4:35 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tangi la maji la Kamiokande, mgodini Japani, lilinasa nyutrino 11 ndani ya sekunde 13. Saa 6:22 mchana kwetu, Albert Jones, mtazamaji nyota wa New Zealand, ambako giza lilishaingia, alitazama palepale asione kitu. Saa 7:38, Robert McNaught wa Australia akapiga picha, na nyota imo.

Lakini hakuna aliyejua! Picha ile ilikuja kukaguliwa baadaye. Data za Kamiokande zilikaa kwenye kanda za sumaku, na saa ya mtambo ingeweza kukosea kwa dakika nzima. Wakati halisi ulithibitishwa na mtambo wa pili wa kunasa nyutrino, huko Ohio, Marekani. Habari ilitoka Las Campanas, kituo cha kutazama nyota nchini Chile, usiku uliofuata. Oscar Duhalde, mwendesha darubini, alitoka nje, akaona nyota ngeni kwenye lile wingu, akarudi kazini bila kumwambia mtu. Ian Shelton alikuwa akipiga picha ya saa tatu kwa darubini ndogo ya inchi 10. Upepo ukafunga paa, akaenda kusafisha bamba la picha, akaona doa. Alidhani ni kasoro ya bamba. Akatoka nje kuhakikisha kwa macho, ndipo akaenda kuwaambia wenzake, na Duhalde naye akasema: hata mimi nimeiona.

Kwa hiyo sina tena uhakika niliokuwa nao aya mbili zilizopita. Kweli, leo Super-Kamiokande, mrithi wa Kamiokande, ina tani 50,000 za maji na tahadhari hutoka yenyewe. Betelgeuse ni kubwa mno, hivyo wimbi litachukua saa nyingi, pengine siku nzima, kufika usoni. Onyo litakuwapo. Ila nyota angavu kiasi hicho itazipofusha kamera za darubini kubwa, na jicho litakuwa na kazi yake, mawingu yakiruhusu.

Katikati ya Desemba, saa 3 usiku, itafute Betelgeuse mashariki. Ilinganishe na Dabarani (Aldebaran), nyekundu mwenzake aliye juu zaidi, mara mbili kwa mwezi, uandike ipi inang'aa zaidi. Kufifia kidogo si dalili ya chochote.