Nzi mbele ya jicho: usikimbilie dawa ya matone

Jicho si jekundu, haliumi, halina tongo. Lakini ukitazama ukuta wa chokaa unaona vidoa vyeusi vikielea kama nzi, na mbele kumeingia ukungu. Huenda ni uvimbe wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Lamu, mji ambao paka ana heshima zake, mshukiwa wa mapema ni toksoplasma.

Mayai ya kijidudu hiki hutoka na kinyesi cha paka, yakafika mchangani, kwenye visima na majabia yasiyofunikwa. Mshikaki mbichi ndani nao huambukiza. Paka msifukuzeni: mayai huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, basi zoeni kinyesi kila siku.

Daktari wa macho atakutia matone ya kupanua mboni, kisha utangoja nusu saa hivi. Utaona kiwi kwa saa kadhaa, kwa hiyo beba miwani ya jua na uwe na mtu wa kukushika mkono mkishuka botini. Anachotafuta ni kovu jeusi la zamani, na ubavuni mwake doa jeupe lenye kingo hafifu, mfano wa taa ya jahazi ndani ya ukungu. Damu nayo ipimwe: kaswende, kifua kikuu na UKIMWI huleta sura zinazofanana na hii.

Doa dogo la pembeni pengine litaangaliwa tu, maana kwa mwenye kinga nzuri hutulia kwa wiki 6 hadi 8. Likiwa karibu na kitovu cha kuona, mtu mzima kwa kawaida hupewa Septrin, dawa ya salfa ya kupambana na kijidudu, ya miligramu 960 asubuhi na jioni, wiki 4 hadi 6. Prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, hufuata siku 1 hadi 3 baadaye, hupunguzwa polepole, na huisha kabla ya Septrin. Mpangilio huu usigeuzwe. Steroidi peke yake, na hasa sindano ya jichoni, hulegeza kinga na kukiachia kijidudu kiile retina. Matone ya steroidi ya dukani hayafiki huko nyuma. Yakizoewa hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Mwambie daktari ukiwa mjamzito, una kisukari, au dawa za salfa zimewahi kukudhuru. Vipele au vidonda mdomoni vikitokea, acha Septrin na urudi hospitali siku hiyohiyo.

Kijidudu hakitoki mwilini; hulala kando ya kovu. Nzi wakirudi hata baada ya miaka, nenda na kadi ya zamani.